Alama za Kununua

Huenda ukashangaa kuona mzee wa miaka 75, aliyetumia umri wake mwingi kufundisha walimu, ameketi kuandika uhakiki wa mchezo wa video. Mimi mwenyewe nilishangaa. Nimezoea kuhakiki vitabu vya kiada, maandalio ya masomo na ripoti za mazoezi ya kufundisha. Lakini jambo linalowashika vijana kwa muda mrefu kuliko kipindi chochote cha darasani halifai kupitwa hivi hivi na mtu aliyewahi kuitwa mwalimu. Isitoshe, mchezo huu ulinigusa mahali nilipodhani pamekwisha kupona.

Mchezo wenyewe ni wa mpira wa kikapu, nao unaitwa NBA 2K25. Mfululizo wake ulianza mwaka 1999, ukitengenezwa na kampuni ya Visual Concepts ya Marekani, na toleo jipya hutoka takriban kila mwaka. Toleo hili lilitoka Septemba 2024, na lilipofika nyumbani kwangu Desemba ya mwaka huo lilikuwa bado la moto. Aliyelileta ni mjukuu wangu, kijana wa miaka 16, aliyekuja likizo baada ya kumaliza mtihani wa kidato cha pili. Alikuja na mashine ya PlayStation aliyopewa na mjomba wake, na mchezo akiwa ameshaupakua huko mjini, kwani mzigo wake ni wa gigabaiti nyingi, na kwa bando la hapa kwetu kazi hiyo ingemaliza likizo nzima. Akaiunganisha na televisheni ambayo mimi na bibi yake tulikuwa tukiitazamia taarifa ya habari, akaniambia, "Babu, karibu uwanjani."

Sikuwa mgeni wa mpira wa kikapu. Mwaka 1966, nikiwa sekondari, tulikuwa na kijana wa Kimarekani wa Peace Corps aliyetufundisha hisabati asubuhi na kikapu jioni. Ringi ilifuliwa na fundi wa mjini kutokana na nondo, ubao ukatengenezwa kwa mbao za masanduku, na mpira ulikuwa mmoja tu. Ulipotoboka tulicheza bila mpira: tulikimbia, tukazuiana, tukapeana pasi za hewa. Baadaye sana, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwahimiza wanachuo wajenge uwanja wa kikapu kwa mikono yao. Tulikusanya kokoto kwa wiki sita. Saruji ile ilipata nyufa mapema, lakini ilitoa timu nilizojivunia.

Kwa hiyo nilipokabidhiwa pedi, yaani kile kifaa cha mkononi chenye vitufe na vijiti viwili vifupi, nilidhani akili itanisaidia pale vidole vitakaponiangusha. Haikunisaidia. Nilifungwa 58 kwa 11, na pointi mbili kati ya hizo 11 zilipatikana wakati mimi nikidhani mwenye mpira ni mchezaji wa mjukuu wangu. Bibi yake, aliyekuwa akichambua mchele pale pale, aliuliza kama kwa kushindwa kule mtu hahamishwi kituo.

Baada ya wiki moja, hata hivyo, nilianza kuona ninachokitazama, na haki ya mtu ni lazima apewe. Waliotengeneza mchezo huu wanaujua mpira wa kikapu. Mchezaji akikimbia sana bila kupumzishwa, nguvu zake hupungua machoni pako, na mitupo yake huanza kupotea; kwa hiyo hapana budi kujifunza kubadilisha wachezaji kwa wakati, jambo ambalo lilinichukua miaka kadhaa kulijua nilipokuwa nikisimamia timu za chuo. Ukitaka kutupa, unashikilia kitufe na kukiachia katika nukta moja tu iliyo sahihi. Mapema kidogo au kuchelewa kidogo, mpira unagonga chuma. Wachezaji watano wakirundikana upande mmoja, njia zote zinaziba. Wakitawanyika, na mmoja akasimama imara kumzibia njia mlinzi wa mwenzake, uwanja unafunguka kama mlango. Nilikuwa nikilichora jambo hilo ubaoni kwa chaki, mishale na duara, na nusu ya timu haikunielewa. Mjukuu wangu amelielewa bila chaki. Kadhalika, tangu toleo lililotoka mwaka 2019 wamo pia wachezaji wa kike wa ligi ya WNBA, na kijana huyu anawajua kwa majina na kuwaheshimu kwa uwezo wao. Mimi wa umri wake sikuwa hivyo.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kitu kidogo kinachopita kwenye kona ya kioo. Katika sehemu ya mchezo ambamo unamwendesha mchezaji mmoja tu katika timu, mchezo hukupa daraja la ushirikiano, kwa herufi, kama zile za mitihani yetu. Ukitoa pasi nzuri, daraja linapanda. Ukimzibia njia mlinzi ili mwenzako apate nafasi, linapanda. Ukitupa ovyo huku mwenzako yuko wazi, au ukimwachia mpinzani unayemlinda afunge, linashuka. Unaweza kufunga pointi 30 ukamaliza na daraja la aibu. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba aliyebuni kipimo hiki angefaa kuwa mkufunzi.

Na kwa kweli mpira wa kikapu ni mtoto wa wakufunzi. Ulizaliwa Desemba 1891 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, ndani ya chuo cha YMCA kilichokuwa kikiwaandaa walimu wa mazoezi ya mwili. James Naismith, Mkanada wa miaka 30, alikabidhiwa darasa la wanachuo 18 waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi, akapewa siku 14 abuni kitu cha kuwatuliza. Alitundika vikapu viwili vya matunda kwenye kingo za roshani, futi 10 kutoka sakafuni, akaandika kanuni 13, akawagawa tisa kwa tisa. Mchezo wa kwanza uliisha kwa goli moja kwa bila. Naismith huyo huyo baadaye alifundisha timu ya chuo kikuu cha Kansas, na hesabu yake ya mwisho ilikuwa kushinda mara 55 na kushindwa mara 60. Aliyeubuni mchezo aliondoka na hasara ya michezo mitano, na hakuna anayemdharau kwa hilo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufundisha.

Sasa nifike kwenye lawama. Ndani ya mchezo huu, karibu kabisa na yule mtahini mwema anayetoa daraja la ushirikiano, kuna duka.

Kijana anapoanza safari ya mchezaji wake anamuumba mtu, anampa sura, urefu na uzito, na mtu huyo huanza na kiwango cha 60. Kilele ni 99. Kila uwezo una namba yake: kutupa kutoka mbali, kudunda mpira, kuruka, kulinda, hata mtupo huru. Namba hizi hazipandi kwa sababu umetupa mara nyingi. Zinapanda kwa kulipiwa sarafu za humo ndani, ziitwazo VC. Sarafu hizo unaweza kuzipata kwa kucheza, pole pole, kibaba kwa kibaba; au unaweza kuzinunua kwa fedha halisi na kuamka asubuhi mtu wako akiwa bingwa. Wale wanaocheza kwa intaneti dhidi ya wenzao wanalijua vizuri jambo hili. Mwenye mtu wa 60 hupita akiomba kujiunga na timu, na wenye watu wa 90 hawamtaki. Nilimwona mjukuu wangu akikataliwa hivyo jioni nzima na vijana asiowajua, na uso wake haukuwa uso wa mtu anayecheza.

Mimi sina ugomvi na namba. Mwalimu asiyepima si mwalimu. Lakini namba ya mwalimu ina maana moja tu: inasema mtu amefika wapi, ili ajue aanzie wapi kesho. Tena ni kipimo cha leo, si hukumu ya maisha. Mwaka 2009 kijana wetu Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko, nasi tukatembea vifua mbele. Katika uteuzi huo huo Stephen Curry, aliyeonekana mdogo wa mwili, alichaguliwa wa saba. Naye Desemba 2021 akawa mfungaji wa mitupo mingi zaidi ya pointi tatu katika historia ya ligi ile. Wapimaji walikuwa wataalamu wenye vifaa vyote, na bado walikuwa wanakisia. Ikiwa namba iliyopatikana kwa kupima inaweza kukosea, ile iliyopatikana kwa kulipa inasema nini? Inasema kiasi kilicholipwa, basi.

Siku ya kumi ya likizo mjukuu wangu alinijia nikiwa kibarazani. Alikaa kwenye mkeka, akanyamaza kidogo kama wafanyavyo watoto wenye haja, kisha akasema, "Babu, naomba unikopeshe shilingi 50,000. Nikimwongezea mtu wangu uwezo nitapata timu. Nitakulipa nikipewa hela ya Krismasi."

Nikamwambia, "Si unapanda taratibu? Jana daraja lako la ushirikiano lilikuwa zuri."

"Lakini babu," akasema, "wenzangu wote wananunua."

Maneno hayo niliyasikia kwa mara ya kwanza mwaka 1994, ofisini kwangu, kutoka kwa mkufunzi wa michezo. Ninayoyaandika hapa sijawahi kumwambia mtu kabla ya mwaka ule wa 2024, na wahusika wengine siwataji, kwa sababu kosa lilikuwa langu mimi niliyetia saini.

Tulikuwa na mwanachuo mmoja, kijana mrefu, mpole, mwenye mkono ambao sijauona tena. Akisimama kwenye mstari wa mtupo huru, wapishi walikuwa wakitoka jikoni kuja kutazama. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kwa michezo ya vyuo. Ripoti za mazoezi ya kufundisha zikaletwa, na yake ilikuwa na alama 34. Mkufunzi aliyemkagua, mama mmoja mkali na mwenye haki, alikuwa ameandika chini kwa kalamu nyekundu: "Arudie. Hisabati bado." Kurudia maana yake angebaki katika shule ya mazoezi wakati wenzake wanakwenda michezoni. Mkufunzi wa michezo akaja, akafunga mlango, akasema vyuo vingine vyote hufanya hivyo, na kwamba kijana huyu atasaidia jina la chuo. Nilifikiri kwa muda wa chai moja. Kisha nikaifuta 34, nikaandika 50, nikatia saini. Maneno mekundu nayo nikayapiga mstari.

Tulirudi na kombe. Lilikaa kwenye kabati la ofisi yangu hadi nilipohamishwa.

Mwaka 2003 nilipita katika shule moja ya msingi, mbali na barabara kuu, tukiwafuatilia walimu waliopita mikononi mwetu. Nikaombwa nikae nyuma ya darasa la tano, na mwalimu alikuwa yeye. Alifurahi mno kuniona. Somo lilikuwa kugawanya sehemu, na swali ubaoni lilikuwa nusu gawanya kwa robo. Alieleza kwa sauti nzuri, akaandika kwa mwandiko safi, kisha akaigeuza sehemu ya kwanza badala ya kuigeuza ya pili, akapata nusu. Jibu ni 2. Watoto 74 waliinama, wakaandika nusu.

Kengele ilipolia aliwasimamisha wanisalimu. "Shikamoo mwalimu," wakasema wote. Naye akawaambia, "Mnamwona mzee huyu? Ndiye aliyenifanya nikawa mwalimu."

Nilimwita kando chini ya mwembe, nikamwonyesha kosa kwa kijiti mchangani. Aliliona upesi, hakuwa mjinga hata kidogo. Akaona haya, akaniambia kwamba miaka yote ile hakuna aliyewahi kumrudisha. Sikuwa na la kumjibu. Aliyetaka kumrudisha alikuwapo, aliandika kwa kalamu nyekundu, na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Wiki tatu za kurudia zingemfundisha jambo lile. Badala yake nilimpa namba, naye akaishi ndani ya namba hiyo miaka tisa, na watoto wake darasani wakaishi humo pamoja naye.

Hayo yote nilimsimulia mjukuu wangu pale kibarazani. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, "Na lile kombe, babu?" Nikamwambia sijui liko wapi.

Yuko atakayenijibu kwamba huu ni mchezo tu, na kwamba mtu wa kwenye kioo hana wanafunzi 74 mbele yake. Ni kweli. Mtu mzima akitumia fedha yake kujiburudisha, hilo si langu. Lakini mchezo unaojiita mfano wa mchezo halisi ndio uliojitwika mzigo wa kufanana nao, na mimi naupima kwa kipimo ulichokichagua wenyewe. Umefanana na mpira wa kikapu katika pumzi, katika macho, katika hesabu ya nafasi uwanjani, hata katika namna kila mchezaji anavyokunja kiwiko chake. Umeacha kufanana nao katika jambo moja ambalo ndilo kiini: kwamba mkono hukua kwa kukosa. Aliyekosa mara 1,000 na aliyelipa hawana haki ya namba moja.

Kuna pia sehemu nyingine ya mchezo ambamo wachezaji huuzwa kwa pakiti za kadi zilizofungwa, unalipa kabla ya kujua umempata nani. Sisi tuliokua karibu na stendi za mabasi tunaufahamu mchezo huo. Ni ndugu wa pata potea, na mwenye karata ndiye anayekwenda nyumbani na chakula. Mwaka 2018 tume inayosimamia michezo ya kubahatisha nchini Ubelgiji iliona kwamba bahati nasibu za namna hiyo ndani ya michezo ya video, zikilipiwa fedha, ni kamari kwa sheria ya nchi hiyo, na watengenezaji wa 2K wakaacha kuwauzia Wabelgiji pakiti hizo kwa fedha. Si kila mzazi ana tume ya kumlindia mtoto. Wengi wetu tuna macho yetu tu, na ndiyo maana nasema tukae na watoto tuutazame mchezo, tusiupige marufuku kutoka chumba cha pili.

Basi hukumu yangu ni hii. Ndani ya NBA 2K25 kuna walimu wawili. Mmoja anakaa kwenye kona ya kioo na kutoa herufi kwa haki, bila kujali umefunga ngapi. Huyo ningempa kazi chuoni kwangu bila usaili. Wa pili anakaa dukani na kuuza alama. Waliotengeneza mchezo wanamjua mwalimu mwema, kwa sababu wamemwumba wao wenyewe, na bado wamemweka mwenzake mlango wa pili. Hilo ndilo linalonisikitisha, kwa sababu nami nilimjua mama yule wa kalamu nyekundu, nilimheshimu, na bado nilifunga mlango nikasikiliza mwingine.

Zile shilingi 50,000 sikuzitoa. Badala yake, kila jioni baada ya jua kupungua, tulikwenda mimi na mjukuu wangu kwenye uwanja wa sekondari iliyo jirani, nikakaa juu ya tofali na daftari. Mitupo huru 20 kila siku, mimi nikiandika. Siku ya kwanza aliingiza minne, akasema ringi ile imepinda. Ilikuwa imepinda kweli. Siku ya mwisho ya likizo aliingiza tisa kwenye ringi hiyo hiyo. Usiku tuliendelea kucheza kwenye televisheni, nami nikafikia kufungwa kwa tofauti ya pointi 20 tu, ambayo kwa umri wangu ni maendeleo.

Septemba 2025 toleo jingine likatoka. Mjukuu wangu alinipigia simu Jumapili moja, akanisalimu, akasema, "Babu, nimeanza toleo jipya. Mtu wangu amerudi 60." Sarafu za toleo la zamani hazihamii kwenye jipya, aliyenunua mwaka jana ananunua tena.

Nikamwuliza, "Na mkono wako je?"

Akacheka. "Jana 13 kati ya 20, babu. Na ringi ya shuleni kwetu nayo imepinda."

Nikachukua daftari, nikaandika 13.